Damu Imepona, Magoti Hayajapata Habari

Ninyi mnaoanza kazi ya maabara sasa mmekuta mashine. Unaweka tone, unabonyeza, inalia kidogo, jibu linatoka. Sisi tulianza na hadubini yenye kioo cha kuvizia jua. Unakielekeza dirishani, unapata mwanga, unaanza kuhesabu vimelea, mara wingu. Na mawingu ya Kyela mnayajua, yakishakaa yamekaa. Mgonjwa anatetemeka kwenye benchi, nawe umeinamia giza unamwambia, "Vumilia kidogo, mama, jua litarudi."

Msimamizi wenu ameniomba niwaandikie mambo ya kazi, kwa kuwa nimestaafu na nina nafasi. Nadhani alitaka maneno ya kuwatia moyo. Nilianza hivyo mara mbili nikachana karatasi. Kila nikishika kalamu narudi palepale, kwenye damu ya mdogo wangu Gwakisa na magoti yake. Basi nitawaandikia hilo.

Aliyenifundisha kutoboa kidole alikuwa mzee Asajile. Hakuwa na cheti. Aliingia maabara kama mfagiaji, akaishia kuwajua wadudu wa kwenye damu kuliko waliosoma. Alikuwa na maneno machache na yote ya kazi. Mkono wa baridi hautoi damu, uoshe kwa maji ya uvuguvugu kwanza. Ushushe chini. Usitoboe katikati ya ncha ya kidole, hapo ndipo mtu anaposhikia jembe, toboa ubavuni. Tone la kwanza lifute kwa pamba. Usikamue kama unakamua ng'ombe, utapata maji badala ya damu. Andika jina kwenye kichupa mgonjwa akiwa bado amekaa mbele yako.

Hilo la mwisho nililidharau mara moja tu. Nilipanga vichupa vya mkojo nikasema nitaandika majina baadaye, ninavikumbuka. Asubuhi hiyo nikamwambia mzee mmoja wa kanisa kwamba ana mimba. Alivua kofia, akafikiri, akasema, "Ndaga, asante, mwanangu. Mimi nitapokea, ila sijui mke wangu atasemaje." Maabara nzima ilicheka wiki nzima, nami nikacheka. Nikajifunza vibaya kwamba kosa la maabara ni jambo la kuchekesha.

Mzee Asajile alikuwa na jingine, na hili ndilo lililonipita. Alisema, "Kidole kishike kwanza. Kina habari kabla hujakitoboa. Wewe una haraka ya damu tu."

Gwakisa ni kitinda mimba wetu. Mimi ni wa kwanza, yeye wa mwisho, nilimbeba mgongoni. Alipokua alibaki na shamba la baba kule Ngonga, akalima mpunga, akaoa Tumpe, binti wa wafinyanzi wa Lyulilo, aliyekuja kwetu na vyungu vinane vilivyofungwa kwa majani ya mgomba na kimoja tu kikavunjika njiani. Kila Gwakisa alipougua alikuja kwangu. Homa, kidole. Kichwa kinauma, kidole. Kwa miaka mingi nilikitoboa kidole kilekile cha pete cha mkono wa kushoto.

Siku moja kisindano kiligonga ngozi kikarudi. Nikarudia, kikarudi tena. Ilikuwa kama kutoboa ganda la muwa.

"Dada, visindano vyenu vya siku hizi ni butu," akasema.

"Vinatuletea vibovu," nikamjibu. "Nitalalamika."

Na nililalamika kweli, kwa barua. Nilishika kile kidole, kinene kama ndizi mkono wa tembo, nikakilaumu kisindano.

Mambo mengine yalikuwa wazi kabisa, nasi tuliyacheka. Pete yake ya ndoa ilimkaza hadi fundi baiskeli akaikata kwa msumeno. Mabuti yake ya shambani alikuwa akivaa namba nane; akapanda hadi tisa, kumi, kumi na moja, mtu mwenye umri wa karibu miaka arobaini. Yeye mwenyewe alisema, "Wenzangu walikua wakiwa watoto. Mimi nilikuwa na kazi, ndiyo nakua sasa." Kwenye kwaya alikuwa anaimba sauti ya tatu. Sauti ikashuka, mwalimu wa kwaya akamhamishia ya nne, akafurahi hadi akamwombea mbele ya ushirika, kwamba Kyala, Mungu wetu, ametupa besi. Meno yake ya mbele yakaachana. Jasho likawa linamtoka hata asubuhi ya mvua. Sukari ilikuwa inapanda kidogo kila nikiipima, nami niliandika "imepanda kidogo" na kumwambia apunguze chai.

Kisha magoti. Huku kwetu goti si ugonjwa, ni umri. Ukipalilia mpunga tangu utoto, miguu kwenye maji, kiuno kimekunjwa, goti litauma, na mtu akisema linamuuma tunamwambia pole tukaendelea na habari nyingine. Gwakisa alipewa vidonge vya maumivu. Alipigwa picha ya magoti. Ikaonyesha nafasi kubwa kati ya mfupa na mfupa, na aliyeisoma akamwambia, "Nafasi hii ni ya goti la kijana. Huna tatizo." Alikuja kuniringia na ile picha maabara. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kwa nini goti la mtu huyu lina nafasi kubwa kuliko kawaida.

Aliyeona alikuwa mgeni. Tulipata daktari msichana aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo, mwembamba, mkimya, kila mara ana kalamu mbili nywelani. Alikuja kuchukua majibu ya wodi akamkuta Gwakisa ameketi, mkono wake uko juu ya meza yangu unangoja kutobolewa. Akasimama akiutazama ule mkono. Hakugusa kitu.

"Shikamoo baba," akasema. "Una picha yako ya zamani?"

"Marahaba. Ya nini, daktari? Unataka kunichumbia? Nina mke."

"Niletee tu, baba. Ya ujana."

Kesho yake Tumpe alileta picha ya harusi amefunga kwenye khanga. Daktari akaiweka juu ya meza, karibu na uso wa Gwakisa, akaniita. "Dada, tazama huku, halafu huku."

Nilitazama. Kwenye picha alikuwa mdogo wangu. Kwenye benchi alikuwa mtu mwingine mwenye macho ya mdogo wangu. Nyusi zimetokeza, taya imeenda mbele, pua imejaa, midomo imevimba. Nilikuwa nikimwona kila wiki. Yalikuja polepole kama maji ya mvua yanavyopanda shambani, huoni yakipanda, unaona tu kwamba tuta limezama.

Yule binti alitueleza bila mbwembwe. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo, saizi ya punje ya njegere. Ndiyo inayotoa homoni ya ukuaji kwenye damu. Mtoto anaihitaji arefuke. Mtu mzima anabaki na kidogo tu ya kutengenezea mwili. Tezi ikiota uvimbe, homoni inamwagika bila kipimo. Mifupa mirefu imeshafunga, haiwezi kurefuka tena, basi vinanenepa vilivyobaki: mikono, nyayo, taya, ulimi, moyo, na yale magegedu laini yanayofunika ncha za mifupa ndani ya magoti. Magoti yake hayaumi kwa sababu ya shamba peke yake. Damu yake inayalisha kupita kiasi.

"Inatibika?" Tumpe akauliza.

"Tukiwahi, mama. Tupime kwanza."

Kipimo hicho hatukuwa nacho. Nilitoa damu mimi mwenyewe, mkononi. Niliiacha igande, nikaizungusha kwenye mashine, nikayatenga maji yake, nikayagandisha, nikayapakia kwenye chupa ya barafu na kuyasindikiza kwenye gari la Mbeya kama mtu anayesindikiza mtoto shuleni. Kutoka Mbeya yakaenda mbali zaidi. Kwa kazi ya mikono sikukosea. Nataka mjue hivyo, kwamba mtu anaweza kufanya kazi safi ya mikono na bado akaharibu.

Jibu lilikuja baada ya wiki nyingi. Yule binti alikuwa amemaliza muda wake, amekwenda mkoa mwingine. Karatasi ikaletwa maabara kwa kuwa bahasha ilikuwa na jina langu. Niliifungua nimesimama. Nikatafuta namba, nikatafuta mipaka ya kawaida, namba ilikuwa ndani ya mipaka. Nilipiga kelele ya furaha. Niliibana karatasi kwa pini kwenye faili, ukingo wa chini ukakunjika, pini ikapita hapo, juu ya mstari wa herufi ndogo, nikatoka mbio kumpigia simu.

"Gwakisa! Huna kitu! Damu yako ni ya kawaida!"

"Kweli, dada?"

"Nimeisoma kwa macho yangu."

"Ndaga fijo, dada. Ndaga fijo." Nikamsikia akimwita Tumpe. Nikasikia wanacheka.

Sikumtafuta daktari mwingine aisome. Mimi ndiye niliyesoma, mimi ndiye niliyetoa jibu, jambo ambalo nilikuwa nikiwakataza wengine miaka yote.

Sasa sikilizeni jambo la kitaalamu. Homoni ya ukuaji haikai kiwango kimoja. Inatoka kwa mafungu, inapanda, inashuka, mchana na usiku. Ukichukua damu mara moja tu unaweza kuikuta imeshuka. Ni sawa na mtu aliyefika Matema asubuhi akalikuta ziwa limetulia, akaenda kuwaambia watu kwamba Nyasa haina mawimbi. Ndiyo maana wanaojua hutazama pia kichocheo kingine, kile ambacho ini hutengeneza kwa amri ya homoni hiyo, kwa kuwa hicho hakiyumbi sana. Au humpa mgonjwa maji ya glukosi na kumtoa damu tena na tena: kwa mtu mzima wa afya homoni inashuka chini kabisa, kwa mwenye uvimbe inagoma kushuka. Hayo yote sikuyajua wakati ule. Lakini sikuhitaji kuyajua. Nilihitaji kusoma mstari mmoja chini ya ukurasa.

Ikapita miaka mitatu.

Katika miaka hiyo mdogo wangu, kwa kuwa dada yake alimwambia ni mzima, aliamua kwamba maumivu yale ni uvivu. Akapanua. Akafungua kipande cha familia kule Bujonde kilichokuwa kichaka, akachimba mashimo ya kakao peke yake, akapiga magoti kwenye kila shimo kupanda mche. Magoti yakivimba alifunga kitambaa na kuendelea. Nilimtembelea huko nikamkuta anashuka mteremko kinyumenyume, kwa sababu kushuka akitazama mbele kulimshinda.

"Pumzika," nikamwambia.

"Dada, si ulisema sina kitu?"

Nikacheka. Nilicheka, wanangu.

Alipoanza kuona ukungu pembeni mwa macho ndipo Tumpe alipomkokota hospitali tena. Safari hii alikuwapo daktari bingwa aliyekuja kwa kliniki ya siku chache. Alimtazama Gwakisa akiingia mlangoni na hakungoja aketi. Akaomba faili. Akafika kwenye ile karatasi, akang'oa pini, akaukunjua ukingo, akasoma kwa sauti: "Kipimo kimoja hakitoshi kuondoa shaka. Kirudiwe kwa utaratibu kamili."

Akainua macho. "Nani alipokea hili jibu?"

"Mimi."

"Ulisoma hapa chini?"

Niliitazama ile pini mezani. Alirudisha karatasi kwenye faili. Natamani angenifokea.

Tulikwenda hospitali kubwa, mbali, safari ya basi ya siku nzima na zaidi. Walimpa maji ya glukosi wakamtoa damu kila baada ya nusu saa. Mimi nilikaa pembeni kama ndugu wa mgonjwa, mikono yangu mapajani. Nilimwona mtoaji damu, kijana kama ninyi, akikishika kwanza kile kidole, akakipapasa, akamtazama Gwakisa usoni, kisha ndipo akatafuta mshipa. Homoni haikushuka. Picha ya kichwa ikaonyesha uvimbe umekua umeisukuma mishipa ya macho. Wakamfanyia upasuaji kwa kupitia puani, jambo ambalo Gwakisa aliliona la ajabu kuliko yote. "Wameingia kama mafua," akasema alipozinduka.

Upasuaji ulifaulu. Andikeni hivyo, ulifaulu. Ukungu wa macho ukaondoka. Kichwa kikanyamaza. Jasho likakauka, Tumpe akasema amelala na mume mkavu kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Damu ilipopimwa tena, homoni ilikuwa imeshuka, na kile kichocheo cha ini pia. Karatasi ile niliisoma yote, mpaka jina la kiwanda kilichochapisha fomu.

Lakini magoti hayakurudi. Daktari alitueleza kwa kutumia kiganja. Homoni ilipozidi, gegedu lilinenepa, ndiyo ile nafasi kubwa kwenye picha ya kwanza. Halikunenepa kwa afya. Lilikuwa kama udongo wa chungu uliotiwa maji mengi, unaumuka, halafu ukikauka unapasuka. Limepasuka, limemomonyoka, mfupa unasaga mfupa, na ncha za mifupa zimeota vinundu. Kuzuia homoni sasa ni kuzuia yasiongezeke. Yaliyoliwa yameliwa.

"Tungeanza miaka mitatu nyuma?" nikauliza. Nilijua najiumiza mwenyewe.

"Yasingekuwa mazima," akasema. "Lakini yangekuwa magoti ya kutembelea."

Nilingoja turudi nyumbani. Nikawaketisha, Gwakisa na Tumpe, mchana, baada ya ugali. Nikawaambia habari ya pini na mstari.

Gwakisa aliyasugua magoti kama mtu anayejaribu kuamsha watoto. Kisha akasema, "Kwa hiyo damu imepona. Magoti ndiyo hayajapata habari."

"Hayatapata," nikasema.

"Hata ukiyaandikia barua?"

Alitaka nicheke. Sikuweza. Nilimtazama Tumpe. Yeye hakuwa amelia hata siku moja katika safari yote ile. Akakusanya sahani, akazipanga, akasimama nazo.

"Wifi," akasema, "miaka hiyo mitatu ndiyo aliyochimba kakao. Mashimo yote yale. Nilimwambia aache, akanijibu dada amesema." Akaenda nje kuosha vyombo, na hajazungumza nami juu ya jambo hilo tena. Nikifika ananisalimu vizuri, ananipikia, ananipa kiti kizuri. Hajakosa adabu hata mara moja. Ni afadhali angekosa.

Watu huniambia nisijilaumu, kwamba karatasi ilipita mikono mingi, kwamba Kyala anajua. Labda. Mimi najua tu kwamba ilisimama mkononi mwangu. Nimetoboa vidole vya watu wengi mno, na nikijiuliza leo nimebaki na nini, nabaki na mstari mmoja ambao sikuusoma. Msinitafutie faraja, nimeitafuta mwenyewe sikuiona. Mnayoweza kunifanyia ni kusoma karatasi hadi chini, na kumpelekea mwenye kuijua hata kama mgonjwa ni ndugu yenu na moyo unawaenda mbio.

Masika haya nilikwenda Ngonga wakati wa palizi. Tumpe alikuwa shambani tangu alfajiri na wanawake wawili wa jirani. Gwakisa alikuwa amewekewa kiti kwenye ukingo wa shamba, fimbo mbili kando. Nilipogeuka kumsalimia mtu, aliteremka. Alijisukuma kutoka kwenye kiti, akaketi kwenye matope yenyewe, maji yakamfika kiunoni, akaanza kupalilia akiwa amekaa, anajivuta mbele kwa makalio, ng'oa, jivute, ng'oa, jivute. Uso wake ulikuwa umefurahi. Nilikuwa sijauona hivyo tangu alipotoka hospitali. Akaimba kidogo, ile sauti ya nne.

Upasuaji haukuvirudisha vidole. Vingali vinene. Magugu ya mpunga yanafanana na mpunga wenyewe, yanataka ncha ya kidole iyapapase shinani ndipo ujue lipi ni lipi. Vidole vyake vilikuwa vinashika fungu zima na kung'oa vyote pamoja. Nyuma yake palikuwa panabaki njia tupu, na mpunga unaelea.

Tumpe aliona. Alimwacha atangulie hatua kadhaa, akamfuata ameinama, anaokota miche mmoja baada ya mwingine, anairudisha kwenye matope, anaibana kwa kidole gumba. Wale majirani wakageuza macho. Nami nilisimama pale ukingoni na viatu vyangu vya mjini.

Waliendelea hivyo mpaka karibu nusu ya shamba. Kisha Gwakisa akageuka kumwambia mkewe kitu, nadhani mzaha, kwa sababu alikuwa bado anatabasamu. Akaona mikono ya mkewe. Akaona mche mkononi mwa Tumpe, na safu nzima ya mpunga nyuma ya mkewe, iliyorudishwa, imelegea.

Tulimnyanyua wanne, tukamwosha miguu, tukamkalisha.

Asubuhi iliyofuata, kabla Tumpe hajachukua jembe, Gwakisa aliomba kiti chake kigeuzwe kilipe shamba mgongo, kielekee barabarani.